Mgonjwa naye aende kutazama mishumaa

Ndugu msomaji, muulize mtu anayeishi na kisukari, selimundu, pumu au shinikizo la damu akutajie mambo aliyokatazwa. Atakuhesabia kwa vidole mpaka vidole vimwishie: chumvi, sukari, baridi, joto, vumbi, kukesha, safari ndefu, mikusanyiko ya watu. Kisha muulize aliambiwa afurahie nini. Wengi watakutazama kana kwamba umewauliza kitu cha ajabu.

Nimeliwaza jambo hili wiki nzima baada ya kupata barua ya mama mmoja Mtanzania anayeishi Osaka, Japani, ambako mumewe yuko masomoni. Binti yao ana miaka 9 na ana selimundu. Familia ya mwanafunzi mwenzake imemwalika waende pamoja mji jirani wa Nara mwezi Agosti, kwenye tamasha la mishumaa ambalo halina kiingilio. Mtoto amelishikilia jambo hilo tangu siku alipoalikwa. Mama ana hofu. Mwaka jana binti alilazwa mara mbili kwa maumivu, na tangu hapo safari zake ni shule na hospitali tu. Swali lake lilikuwa fupi: nimkatalie?

Jibu langu ni hapana, usimkatalie. Ila usiende naye ovyo ovyo. Na kwa kuwa najua wapo wasomaji wengi wenye watoto au wazee ambao wamefungiwa ndani kwa jina la kuwalinda, nimeona nijibu hapa ili wengine nao wasome.

Kwanza nieleze tamasha lenyewe, kwa sababu hatari na faida zake zimo ndani ya jinsi lilivyopangwa. Linaitwa Nara Tokae. Hufanyika kila mwaka kuanzia tarehe 5 hadi 14 Agosti, katika bustani kubwa ya Nara na maeneo yanayoizunguka. Kuanzia kama saa 1 usiku hadi saa 3 na nusu hivi, mishumaa takriban 20,000 huwashwa na kupangwa chini, kwenye nyasi, kando ya njia na kuzunguka maji. Kila mshumaa umo ndani ya kikombe chenye maji, ukielea. Wanaowasha na kuzima ni watu wa kujitolea, vijana kwa wazee, wengine wakiwa wageni tu waliojiandikisha kusaidia kwa usiku mmoja. Hakuna tiketi wala geti. Unashuka kwenye treni, unatembea, unatazama, unarudi nyumbani.

Neno tokae lina maana nzuri. Toka ni kile kidonge chenye umbo la ua kinachojitokeza kwenye ncha ya utambi unapowaka, na Wajapani huona kukiona ni dalili ya heri. Mimi nililelewa kwa kibatari na nilikiona kidonge hicho mara elfu. Kwetu kazi yake ilikuwa kukatwa kwa mkasi ili moshi upungue.

Wengi hudhani jambo kama hili lazima liwe la kale, kwa sababu Nara ni mji wa kale. Ulikuwa makao makuu ya Japani kuanzia mwaka 710 hadi 784. La hasha. Tamasha hili lilianza mwaka 1999. Watu wazima waliokaa na kupanga mishumaa ile ya kwanza bado wengi wao wako hai. Nalisema hili kwa sababu kila nikizungumzia burudani zisizo na gharama kwa wagonjwa, huwa najibiwa kwamba hiyo ni mila ya wenzetu. Mila hiyo ina umri mdogo kuliko vijana wengi wanaosoma ukurasa huu.

Lakini mji wenyewe una historia ya afya ambayo inanigusa sana. Kati ya mwaka 735 na 737 ndui iliingia Japani na kufagia watu. Wanahistoria hukadiria kwamba kati ya robo na theluthi ya watu wote wa nchi ile walikufa. Hebu fikiria mtaa wako, uondoe mtu mmoja katika kila watatu au wanne. Mwaka 743 Mfalme Shomu akaagiza itengenezwe sanamu kubwa ya shaba ya Buddha, na misiba ile ilikuwa sehemu ya sababu zake. Sanamu ilizinduliwa mwaka 752 na bado ipo Nara, ndani ya hekalu la Todaiji, urefu wake karibu mita 15.

Watalii hupiga picha ya sanamu. Mimi namvulia kofia mke wa mfalme, Malkia Komyo. Mwaka 730, miaka 5 kabla ya ndui ile, alianzisha mjini humo nyumba ya kutolea dawa bure kwa maskini. Mumewe alipofariki mwaka 756 aliyatoa mali yake kwa Todaiji, na pamoja na mali hizo alitoa aina 60 za dawa, akaandika kwamba walio wagonjwa na wenye shida waruhusiwe kuzitumia. Nyingine kati ya dawa hizo bado zimehifadhiwa mjini hapo, katika hifadhi ya Shosoin. Na miaka 3 kabla ya hapo aliwasili kutoka China mtawa Ganjin, aliyepoteza uwezo wa kuona katika miaka ya kujaribu kuvuka bahari. Alikuwa pia mjuzi wa dawa, na inasimuliwa kwamba alizitambua kwa kunusa. Huyo ni mlemavu, mzee, na hakukubali kukaa nyumbani.

Sasa nirudi kwenye hoja yangu. Mtu anayeishi na ugonjwa wa kudumu hulipia kila kitu: nauli ya kliniki, vipimo, dawa, chakula maalumu. Burudani ndiyo hukatwa kwanza kwenye bajeti, na ikikatwa kwa miaka, mtu husahau kwamba iliwahi kuwapo. Ndiyo maana neno "bure" kwangu si jambo dogo katika tamasha hili. Mzazi aliyekwisha kulipia kiingilio cha watu wanne hataondoka baada ya dakika 20 mtoto akisema amechoka, atamsukuma kidogo, "vumilia, tumelipa." Palipo bure, unaondoka muda wowote bila hasara. Kwa mtoto wa selimundu uhuru huo wa kuondoka mapema ni kinga, sawa na chupa ya maji.

Kisha kuna mwendo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki, na mtoto wa shule wastani wa dakika 60 kwa siku. Wagonjwa wengi wakisikia neno mazoezi huona viatu vya kukimbilia na jasho. Kuzunguka bwawa la Sarusawa, ambalo mzunguko wake ni mita 360 hivi, mara mbili kwa mwendo wa kutazama taa, ukikaa kidogo, ukisogea tena, nako ni kuutumia mwili. Hakutatosha kwa wiki nzima. Lakini mzee aliyepata kiharusi na ambaye hajatoka nje ya geti kwa miezi mitatu, atatembea kwa ajili ya mishumaa hatua ambazo asingetembea kwa ajili ya karatasi ya mtaalamu wa viungo.

Na kuna upweke. Japani wenyewe waliliona tatizo hili kubwa kiasi cha kumteua waziri wa kushughulikia upweke, mwezi Februari 2021. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti ikisema mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka. Mgonjwa wa muda mrefu yuko katikati ya takwimu hizo. Mwanzoni watu huja kumwona, huleta machungwa, husali naye. Baada ya mwaka huja wachache. Baada ya miaka mitano anaijua dari ya chumba chake kuliko sura za majirani. Watu wa namna hii hawahitaji kupelekwa kwenye muziki mkubwa na vipaza sauti. Wanahitaji mahali ambapo mtu anaweza kuwa miongoni mwa wengine bila kulazimika kuongea, bila kuulizwa "unaendeleaje." Bustani yenye giza na mishumaa mingi inafaa kwa hilo kuliko ukumbi wa harusi.

Nimetaja kazi ya kujitolea. Kama unaye kijana mwenye sonona ambaye anatumia dawa na hali yake imetulia, nadhani kuwasha mishumaa kutamfaa zaidi kuliko kuitazama. Kuinama, kuwasha, kusogea kwenye kingine. Ni kazi yenye mwanzo na mwisho unaoonekana kwa macho, na kuna mtu pembeni anayefanya vilevile. Simsemei kila mgonjwa. Akikataa, usimburute.

Niseme pia jambo ambalo wengine hawatalipenda. Mwanga wa mshumaa hauponyi ugonjwa. Nimeona watu wakiuza mishumaa ya "tiba" kwa bei ya kutisha, wengine wakisema inaondoa presha. Ninachoweza kukueleza kwa uhakika ni kidogo zaidi: mwanga wa mshumaa ni wa rangi ya njano na wekundu, una rangi ya bluu kidogo sana, na bluu ndiyo inayozuia zaidi mwili kutengeneza melatonini, kichocheo kinachoandaa usingizi. Kwa hiyo saa moja ya mishumaa itamharibia mtoto usingizi kidogo kuliko saa moja ya simu. Basi. Dawa ya presha meza kama kawaida. Na kama utayatazama mataa yote 20,000 kupitia kioo cha simu yako, hata faida hiyo ndogo umeitupa bwawani.

Hofu ya mama yule, hata hivyo, ina msingi, na hapa nataka tukae kidogo.

Adui mkubwa wa mgonjwa Nara mwezi Agosti ni joto. Mji uko bondeni, umezungukwa na milima, na mchana wa Agosti joto hufika nyuzi 33 au kupita, tena joto lenye unyevu, la kunata kama la Dar es Salaam mwezi Januari. Jua huzama karibu saa 1 jioni, lakini ardhi na mawe hubaki na joto lake. Japani ina utaratibu wa kutangaza tahadhari ya joto nchi nzima tangu mwaka 2021. Siku tahadhari ikitangazwa kwa Nara, mtoto wa selimundu, mtu mwenye ugonjwa wa moyo au figo, mzee anayemeza dawa za kukojoza maji na mama mjamzito wabaki ndani. Tamasha lina siku 10, chagua nyingine.

Mtoto wa selimundu akipungukiwa maji, chembe zake nyekundu hujikunja na kukwama kwenye mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu huanza. Kwa hiyo usisubiri aseme ana kiu. Anza kumpa maji asubuhi ya siku hiyo, kidogo kidogo, mpaka mkojo wake uwe mweupe au wa njano hafifu. Mama wengi hujaza chupa wakati wa kutoka nyumbani, wakati mwili tayari umekauka tangu mchana. Japani mashine za kuuzia vinywaji ziko kila kona; mtafutie maji au chai ya shayiri, ile wanayoiita mugicha, ambayo haina sukari wala kafeini. Kwa mwenye kisukari angalizo ni jingine: vile vinywaji vya wanamichezo vinavyoonekana kama maji yenye ukungu vina sukari karibu gramu 30 kwa chupa ya nusu lita. Vinafaa sukari ikishuka, si kwa kukata kiu. Insulini nayo isiachwe kwenye mfuko uliolala juani mchana kutwa.

Lipo jambo moja ambalo wazazi wengi hawalifikirii, na katika safari ya Osaka kwenda Nara ni kubwa kuliko mishumaa yenyewe. Treni za Japani wakati wa joto zina viyoyozi vikali. Mtoto ametembea, ametoa jasho, fulana imelowa, kisha anaingia kwenye behewa lenye baridi na kukaa dakika 40 akirudi nyumbani. Badiliko hilo la ghafla kutoka joto kwenda baridi, na nguo mbichi mwilini, huweza kuamsha maumivu ya selimundu, na huweza kuamsha pumu pia. Beba fulana kavu na sweta jepesi. Mbadilishe kituoni kabla treni haijafika.

Kama katika wiki mbili zilizopita binti alipata maumivu makali, au damu yake imeshuka kuliko kawaida yake, au ana mafua na kikohozi, muulize kwanza daktari wake anayemjua. Na mtoto wa selimundu akiwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi, safari yake usiku huo ni ya hospitali, hata kama amekwisha kuvaa viatu. Ukiwa palepale na mtoto akaanza kulalamika kichwa, kichefuchefu, misuli kukaza au kizunguzungu, mpeleke penye ubaridi, mlegeze nguo, mpoze shingo, kwapa na kinena kwa maji, mpe anywe taratibu. Akianza kuongea mambo yasiyoeleweka au asipoweza kunywa mwenyewe, piga 119; gari la wagonjwa Japani halitozwi. Ipo pia namba #8000 kwa wazazi wanaohitaji ushauri wa usiku kuhusu mtoto, ingawa ni vizuri awepo mtu anayejua Kijapani pembeni yako.

Moto sasa. Vikombe vyenye maji vimepunguza hatari sana, maana kikipigwa teke mshumaa huzimika. Hata hivyo mishumaa iko chini, kwenye kimo cha mtoto anayetambaa na cha pindo la nguo. Wenyeji hupenda kuvaa yukata, vazi la pamba lenye mikono mipana inayoning'inia, na wageni nao hukodi. Inapendeza. Kwa mtoto mdogo ningependelea kaptura na fulana ya kawaida, na nywele ndefu zifungwe nyuma. Mtoto akiungua, weka sehemu hiyo chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Si dawa ya meno, si yai, si mafuta ya taa, si asali, si barafu. Dakika 20 ni nyingi kuliko unavyodhani, tazama saa.

Giza nalo lina wagonjwa wake. Mwenye kisukari ambaye macho yameanza kuathirika, au mzee mwenye mtoto wa jicho, huona shida sana kutoka mwangani kuingia gizani. Njia nyingine za bustani ni za kokoto. Kutoka hekalu la Kofukuji kushuka bwawa la Sarusawa kuna ngazi 52 za mawe, na nimesikia watu wazima wenye magoti mabovu wakizisifu kwa uzuri wake. Wazisifu wakiwa chini. Zunguka kwa barabara ya kawaida. Anayetumia kiti cha magurudumu atafurahia zaidi kando ya bwawa kuliko kwenye nyasi. Mwenye kisukari avae viatu vilivyofunikwa alivyokwisha kuvizoea, si ndala mpya za mbao, na akifika nyumbani avue soksi akague nyayo zake palepenye taa, kwa sababu mguu uliokufa ganzi hausemi ulipochubuka.

Kuhusu kulungu, najua watoto watawataka. Wapo zaidi ya 1,000, wanatembea huru mjini, wanalindwa kisheria na wengine huinamisha kichwa kuomba biskuti zao maalumu. Ukimwonyesha mmoja biskuti halafu ukaificha, anaweza kukuuma au kukusukuma, na mtoto wa miaka 9 ataanguka. Usiwape chakula kingine chochote, na usiache mfuko wa plastiki. Mwaka 2019 kulungu waliokufa hapo walipasuliwa na kukutwa na marundo ya plastiki tumboni. Mtoto akishawashika, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula kitu.

Msomaji mwingine ataniuliza kuhusu dini. Tamasha liko jirani na mahekalu ya Kibuddha, na wapo Waislamu na Wakristo ambao hawatajisikia huru. Kutembea bustanini na kuangalia mishumaa hakukutaki usujudu, uchome ubani wala useme neno. Ila uamuzi ni wako na imani yako, na sitakubeza ukiamua vinginevyo.

Na kwa wazazi waliofiwa na mtoto, ambao najua pia mnasoma safu hii, kipindi hiki Japani ni cha kukumbuka marehemu. Katikati ya Agosti familia hurudi kwao kwa ajili ya Obon, na tarehe 15, usiku unaofuata mwisho wa Tokae, moto mkubwa wenye umbo la herufi ya Kijapani yenye maana ya "kubwa" huwashwa ubavuni mwa mlima Takamado, ukionekana kutoka mjini. Ulianzishwa mwaka 1960 kuwakumbuka waliokufa vitani. Ukiwa na msiba mbichi, jiulize kabla kama unataka kusimama katika umati wa namna hiyo. Wengine huwasaidia kulia mahali ambapo hakuna anayewashangaa. Wengine huwarudisha nyuma. Nenda na mtu mmoja anayekujua, na mkubaliane mapema kwamba ukisema "twende" hakutakuwa na swali.

Ninawasikia wazazi wa Mbagala na Kisumu: sisi huko Nara tutafika lini? Wengi hamtafika, na si lazima. Lakini mtoto wako wa selimundu amezuiwa kwenda ufukweni jioni, amezuiwa Krismasi ya kwaya, amezuiwa Maulidi ya mtaa, kwa sababu zilezile za mama wa Osaka. Maji tangu asubuhi, nguo kavu, kuondoka mapema, kutokwenda siku ya homa: hayo hayahitaji pasipoti. Na ukienda kliniki safari ijayo, usitoke kabla hujamuuliza mtaalamu swali ambalo wengi wao hawajazoea kulijibu: mwanangu anaweza kwenda wapi? Akikujibu "popote tu" au "asitoke", muulize tena, kwa joto gani, kwa muda gani, akiwa na dawa gani mfukoni.

Kwa mama wa Osaka, nenda siku ya katikati ya wiki, si Jumamosi wala usiku wa mwisho, maana umati ni mkubwa. Fikeni mishumaa inapoanza kuwashwa, kwa sababu kuitazama ikiwashwa mmoja mmoja ndiyo sehemu ambayo watoto huipenda, na saa 2 na nusu muwe mnarudi kituoni. Mwambie mzazi mwenyeji kwa lugha rahisi kwamba binti akisema anaumwa ni kweli, na kwamba atahitaji kukaa kila baada ya muda. Dawa zake za maumivu ziwe kwenye mkoba wako, si kwenye wa mtu mwingine.

Kwa wale wanaopanga kwenda Japani kutoka hapa na mgonjwa, anzeni na dawa kabla ya tiketi. Sheria za Japani ni kali. Dawa za kuandikiwa na daktari zinaruhusiwa za kutosha mwezi mmoja tu kwa matumizi yako mwenyewe; ukizidisha, unatakiwa kuomba kabla ya safari hati inayoitwa Yunyu Kakunin-sho. Dawa za mafua zenye pseudoefedrini zaidi ya asilimia 10 zinadhibitiwa vikali, na dawa zenye amfetamini, ambazo nchi nyingine huwapa watoto wenye shida ya utulivu, zimepigwa marufuku kabisa hata kama una cheti cha daktari. Dawa kali za maumivu za jamii ya mofini, ambazo baadhi ya wagonjwa wa selimundu na saratani huzitumia, zinahitaji kibali chake tofauti, kinachopatikana kabla hujapanda ndege. Waulizeni ubalozi wa Japani mapema, mkiwa na majina ya dawa yaliyoandikwa kama yalivyo kwenye boksi.